Aliyepanda Asirudishwe Chini



Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilitoa tathmini yake ya umaskini wa Tanzania Bara. Ndani ya ripoti ile ndefu mna hesabu moja ambayo, kwa maoni yangu, ilistahili kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata: kwa kila Watanzania wanne waliotoka katika umaskini, watatu wengine walitumbukia humo. Wanne wanatoka, watatu wanaingia. Ukitoa, anabaki mmoja.

Takwimu za jumla hazikuwa mbaya. Mwaka 2007 asilimia 34.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ukawakuta asilimia 26.4. Lakini idadi ya watu ilikua haraka kuliko umaskini ulivyopungua, kwa hiyo maskini wenyewe wakaongezeka kutoka kama milioni 13 hadi kama milioni 14. Julai 2020 nchi ikaingizwa katika kundi la kipato cha kati cha chini. Tukapongezana, na mama anayeuza vitumbua kituoni akaendelea kukopa unga kama jana yake.

Naishikilia hesabu ya wanne na watatu kwa sababu inatubadilishia swali. Tumezoea kuuliza maskini apandeje. Tuna semina, vitabu na video za wahamasishaji wanaotuambia tuamke saa kumi alfajiri, tuache uvivu, tuwe na ndoto kubwa. Sina ugomvi na kuamka mapema, ila mama wa vitumbua huamka saa tisa, tena kwa miaka, na bado yuko palepale. Watu wetu kupanda wanajua. Anayeanza na beseni la ndizi leo, baada ya miaka miwili ana genge, baada ya minne ana fremu. Tusichokiuliza ni nini humrudisha kwenye beseni, na nani anakuwa karibu siku anaporudi. Mara nyingi walio karibu ni wewe na mimi: shemeji yake, bosi wake, mweka hazina wa kikoba chake, mteja wake wa kila siku. Ndiyo maana wito huu nauandika kwako. Waziri ana wa kumwandikia.

Tuanze na jinsi mtaji unavyokatika, maana hapo ndipo penye kisa chenyewe. Tuseme kuna mama lishe Buguruni mwenye mtaji wa laki mbili unaozunguka: leo unakuwa mchele, maharage, mafuta na mkaa, jioni unarudi kuwa fedha pamoja na faida ya kulisha nyumba. Mtoto anashikwa na homa kali usiku. Siku tatu za hospitali ni siku tatu za jiko kutowaka. Dawa, vipimo na nauli vinatoka kwenye ileile laki mbili, kwa kuwa mfuko wa pili haupo. Siku ya nne mtoto amepona, mama anarudi na wateja wake wanamsubiri, ila mtaji umebaki elfu sitini. Hajafanya kosa lolote la kibiashara. Hakuna semina ya ujasiriamali ingemwokoa.

Hapo ndipo anapotokea kijana nadhifu mwenye fomu na mfuko wa plastiki wa kuwekea picha za pasipoti. Mkopo unapatikana siku hiyohiyo, dhamana ni vitu vya ndani na mdhamini mmoja jirani. Mtaani tunauita kausha damu, na jina halikukosewa. Hesabu yake huwa hivi: unakopa laki moja, unakatwa elfu kumi ya fomu, unaondoka na elfu tisini. Kesho yake asubuhi rejesho linaanza, elfu tano kila siku kwa siku 26. Ukimaliza umetoa laki moja na thelathini. Wengi huishia kusema riba ni asilimia thelathini, na hata hiyo inatosha kutisha, lakini ukweli ni mkali zaidi. Fedha ile hukukaa nayo mwezi mzima. Tangu siku ya pili ulikuwa ukiirudisha, na kufikia katikati ya mwezi zaidi ya nusu ya ulichopokea ilikuwa imekwisha rudi kwa mwenyewe huku wewe ukiendelea kulipia riba ya yote. Mama lishe anayepata faida ya elfu nane kwa siku na kutoa rejesho la elfu tano anailisha familia kwa elfu tatu. Atakopa mkopo wa pili kulipia wa kwanza. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga. Huyu hata harusi yenyewe hakuiona.

Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka watoa mikopo hawa chini ya usimamizi wa Benki Kuu na kuwapanga katika madaraja manne: benki zinazopokea amana, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni shilingi 3,500. Linganisha na ile elfu thelathini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni, yale ambayo ukichelewa siku moja hutuma ujumbe kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako, hadi kwa padri na kwa mama mkwe, kwamba wewe ni tapeli.

Basi ombi langu la kwanza ni hili. Ukiombwa kumdhamini mtu, usitie sahihi kwa haya ya ujirani. Uliza leseni ya mkopeshaji, uliza riba kwa mwezi, piga hesabu ya jumla yote mbele ya huyo kijana mwenye fomu, kisha msomee jirani yako kwa sauti. Mara nyingi aliyebanwa haoni namba. Anaona fedha ya leo. Na mkikuta riba imepita ukomo, pelekeni malalamiko Benki Kuu, kwa sababu mkopeshaji wa namna hiyo anategemea jambo moja tu, aibu yenu. Watu wa mtaa mzima wanalipa kimyakimya, kila mmoja akidhani amebanwa peke yake.

Ila kukataza hakutoshi. Ukimwambia mtu asikope kwa kausha damu, mwonyeshe pa kukopa. Na hapa tuna kitu ambacho hatujakithamini sawasawa: kikoba. Watu ishirini au thelathini wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana kwa riba ndogo inayorudi kwao wenyewe, na mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii, ile fedha ndogo isiyokopeshwa, ya msiba na ugonjwa. Huo mfuko ndio ninaoutaka ukue. Ukichunguza utaona hisa zinasimamiwa kwa makini na masanduku yana kufuli tatu, lakini mfuko wa jamii unachangiwa shilingi mia tano kwa kunung'unika. Kama wewe ni mwenyekiti au mweka hazina, peleka hoja hii kwenye kikao kijacho: mchango wa jamii uongezwe, na mwanachama akilazwa au akiuguza mtoto asiguse mtaji wake kwa wiki ya kwanza. Mtaona tofauti ndani ya mwaka mmoja. Na kikundi kisajiliwe. Kijumbe wa upatu akitoroka na fedha za mchezo hamna pa kumshtaki ila kwa mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe naye alikuwa anacheza.

Kuhusu bima nitasema machache. Kwa miaka kadhaa mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, uliuza kadi ya mwaka katika mikoa mingi kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na bado kaya nyingi hazikuinunua. Sababu nyingine ni za haki: umekwenda na kadi zahanati, ukaambiwa dawa hakuna, nenda duka la nje. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria haitibu mtu. Kitakachotibu ni dawa kuwepo kwenye rafu, na hilo linahitaji wananchi wanaokaa kwenye kamati za zahanati na kuuliza dawa zilizopokelewa mwezi huu zimekwenda wapi. Nafasi hizo zipo na mara nyingi zinakosa watu. Kagombee.

Sasa nije kwako wewe uliyempa kijana pikipiki.

Biashara hii tunaijua. Mwalimu, nesi, askari, mhasibu, anachukua mkopo wa kazini, ananunua pikipiki, anampa kijana kwa mkataba. Hesabu ni elfu kumi kwa siku, na baada ya mwaka chombo kinakuwa cha dereva. Elfu kumi mara siku 365 ni milioni 3 na laki sita na nusu. Bosi anarudisha fedha yake na cha juu, kijana anaondoka na chombo. Nasema bila kigugumizi kwamba ni mojawapo ya njia bora za kupanda ambazo mtaa wetu umebuni, bila benki na bila mfadhili. Kijana asiye na hati ya nyumba wala mdhamini anamiliki chombo cha mamilioni kwa jasho lake. Wapo waliotoka hapo wakawa na pikipiki tatu, wakawa mabosi wenyewe.

Lakini angalia inavyovunjika. Baada ya miezi minane kijana anaanguka Mandela Road, mguu umeteguka, anakaa ndani wiki tatu. Hesabu imesimama. Bosi naye ana mkopo wa kazini unaokatwa kila mwezi, hana subira. Anachukua chombo, anampa kijana mwingine, na mkataba unaanza upya siku ya kwanza. Miezi minane ya elfu kumi, yaani zaidi ya milioni mbili na laki nne, imekwisha kana kwamba haikuwepo. Kijana anarudi kuwa deiwaka, akiendesha vyombo vya wenzake wanapopumzika. Ukimuuliza mkataba ulisemaje, atakwambia walikubaliana kwa mdomo, au waliandikiana karatasi moja iliyotaja hesabu tu. Kadi ya pikipiki siku zote ilikuwa kwa bosi.

Simwiti bosi huyu mwizi. Mara nyingi ni mtu wa kawaida aliyebanwa na deni lake mwenyewe. Lakini dawa ya jambo hili iko mikononi mwake na haimgharimu sana. Mkataba uandikwe nakala mbili, usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Utaje siku za ugonjwa zinazosogezwa mbele badala ya kufuta kilicholipwa. Utaje siku moja kwa wiki isiyo na hesabu, maana anayeendesha siku saba bila kupumzika ndiye anayeanguka Mandela Road. Utaje kwamba mkataba ukivunjika njiani, dereva anarudishiwa sehemu ya alichokwisha lipa juu ya hesabu ya kawaida ya dereva asiye na mkataba. Na chombo kikatiwe bima kubwa, wala si ile ndogo ya kumridhisha trafiki, ili kikiibwa usibaki kumdai kijana kitu ambacho hata akifa hana. Gharama ya bima hiyo gawaneni. Ukiona ni nyingi, igawe kwa siku 365 halafu niambie.

Kuna kuporomoka kwingine ambako hakuhitaji ajali wala riba. Kunahitaji msiba tu.

Mume anakufa. Arobaini haijaisha, mashemeji wamefika na orodha: shamba, duka, kadi ya benki, pikipiki. Mjane aliyesimama dukani miaka kumi na mitano anaambiwa duka lilikuwa la marehemu. Katika makabila mengi hili bado linaitwa mila, na sheria yetu ililipa nguvu: Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linamweka mjane nje ya urithi wa mali ya mumewe. Wajane wawili wa Shinyanga walioondolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba mila zile ni za kibaguzi, lakini haikuzibatilisha. Wakaenda mbele hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema haki zao zimevunjwa na kuitaka Tanzania ibadili sheria zake. Kina mama hao hawakuwa wanasheria wala wanaharakati wakubwa. Walikuwa wajane wenye watoto, waliokataa kurudi chini kimya.

Huku tukiendelea kudai sheria irekebishwe, kuna mengi ambayo hayasubiri Bunge. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kwa hiyo, baba unayesoma hapa, hati ya kiwanja iandikwe majina mawili. Kijijini, hatimiliki ya kimila nayo inakubali majina mawili. Ndoa isajiliwe. Wosia uandikwe, na RITA, wakala wa Serikali wa usajili, wanatunza wosia. Najua neno wosia linatisha. Tunaogopa kwamba kuandika ni kukiita kifo. Mimi nimeona familia zilizogawanyika makaburini kabla udongo haujakauka, na katika hizo zote marehemu aliogopa kuandika. Kama jambo limeshafika kwenye ugomvi, kila wilaya ina wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure. Mpeleke mjane unayemjua. Msindikize wewe mwenyewe, kwa sababu akienda peke yake mashemeji watamwambia anaichafua familia.

Tuzungumze kidogo kuhusu ile asilimia 10, kwa kuwa ni fedha zetu wote. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba hata senti moja. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha ikarejeshwa 2024. Viongozi walilaumiwa, na walistahili. Lakini vikundi hewa viliundwa na watu, na majirani zao walijua. Watano wanasajili kikundi cha kufuga kuku, wanagawana fedha, na banda halijengwi. Fedha ile ilikuwa ya mkopo wa kikundi kinachofuata: mafundi cherehani wa mtaa wa pili ambao wamekaa mwaka mzima na fomu zao kwa afisa maendeleo ya jamii. Aliyekula hakuiibia Serikali. Aliwaibia wao.

Ninachoomba: nenda ofisi ya kata, omba kuona orodha ya vikundi vilivyopewa na kiasi kilichorejeshwa. Uliza kwenye mkutano wa mtaa, kwa heshima, bila kupiga kelele. Diwani anayejua kwamba wananchi watatu watauliza orodha hiyo kila robo mwaka atafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Na kama una elimu ya kuandika mchanganuo wa biashara, toa Jumamosi mbili uwasaidie vijana wa mtaani kwako. Wengi wanakosa mkopo kwa kushindwa kujaza karatasi, na hao hao kazi wanaijua kuliko mimi na wewe.

Vilevile kwa vyeti. Gereji zetu na vibanda vya useremala vimejaa mafundi wa miaka kumi na zaidi waliojifunza kwa kumshikia spana mtu mwingine. Kampuni ikitangaza kazi, inataka cheti, na fundi anabaki nje akimfundisha kazi kijana mwenye cheti. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa vitendo, mapungufu yake yanafundishwa kwa muda mfupi, anapewa cheti. Wenye gereji, walipieni vijana wenu. Msiogope kwamba wataondoka. Atakayeondoka atakuletea kazi.

Elimu ya watoto nayo ina lake. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Ni hatua kubwa. Novemba 2021 mlango ukafunguliwa kwa wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi darasani. Lakini mtoto anaacha shule kwa sare, kwa daftari, kwa nauli ya daladala, kwa mchango wa chakula cha mchana. Na msichana mwenye mtoto harudi kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Bibi, shangazi, jirani uliye nyumbani mchana: saa sita za kumlea mtoto wa miaka miwili ndizo zitakazoamua kama mama yake atamaliza kidato cha nne. Waraka wa Wizara hauwezi kubeba mtoto mgongoni.

Halafu kuna sisi wenyewe na michango yetu. Wasomaji wengine wataniona mchoyo hapa, acha wanione. Kamati ya harusi inaweza kukaa wiki nane na kukusanya mamilioni kwa ajili ya ukumbi, mapambo, na keki ya ghorofa. Kadi ya mtu mmoja bei hii, ya wawili bei ile, na asiyetoa anatolewa kwenye kundi la WhatsApp. Kijana aliyepata ajira mwaka jana anachangia harusi nne kwa mwezi, kisha anakopa nauli ya kwenda kazini. Mwezi huohuo binti wa ukoo uleule ameshindwa kwenda chuo cha ufundi kwa kukosa fedha isiyofika hata bei ya mapambo ya meza kuu. Hatuna tatizo la kuchangiana. Kwa hilo sisi ni mabingwa wa dunia. Ninachosema ni kwamba nguvu ileile ya kamati, mwenyekiti wake mkali na mtunza fedha asiyesahau ahadi, ielekezwe mara moja kwa mwaka kwenye jambo la ukoo: mtoto mmoja chuoni, mjane mmoja mtaji wake urudi, kijana mmoja alipiwe leseni. Ombeni ahadi palepale kwenye kikao cha harusi, watu wakiwa wamefurahi.

Na kwa yule aliyepanda wa kwanza katika ukoo, ambaye simu yake inalia kila jioni, nakutetea. Ukiibeba familia yote siku moja, utaanguka nao. Una haki ya kusema mwezi huu nimeshatoa. Weka kiasi kinachojulikana cha kusaidia, kikiisha kimeisha, na ndugu wajue hivyo. Mtaji wa duka lako usigeuzwe mfuko wa ukoo. Ukifunga duka, hakuna atakayekuwa na wa kumpigia.

Nimalizie na jambo dogo ambalo wengi tulio na mshahara tunalifanya bila kufikiri. Mama lishe karibu na ofisi yako ana daftari. Mle ndani kuna majina: mhasibu, karani, dereva wa mkurugenzi, na pengine la kwako. Sahani moja moja, elfu mbili, elfu mbili na mia tano, andika nitalipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi unafika na kuna ada, kuna kodi ya nyumba, na mama lishe tunamwambia wiki ijayo kwa sababu yeye hana wakala wa kukusanya madeni wala hatachukua friji yetu. Muuza nguo anayetupa mali kauli anafanyiwa hivyohivyo. Mzabuni aliyelisha shule chakula muhula mzima anafanyiwa hivyohivyo na ofisi kubwa. Kisha tunashangaa kwa nini amekwenda kwa kausha damu. Alikwenda kwa sababu mtaji wake uko mfukoni mwetu.

Kwa hiyo, kabla hujaandikia gazeti kuhusu umaskini, kabla hujamlaumu diwani, kesho mchana mwombe mama lishe wako akufungulie daftari. Kama jina lako limo, lipa lote.